Deni la Daktari

Kila mwaka ukurasa huu wa maoni hujaa sifa za watu wakubwa. Tumesoma juu ya Tom Mboya, tukasoma juu ya Wangari Maathai, na mimi sina ubaya nao hata kidogo. Lakini mwaka huu nimemwomba mlezi wa Chama cha Kiswahili nafasi niandike juu ya mtu ambaye jina lake halimo katika kitabu chochote cha historia. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiandika majina, katika daftari kubwa lenye jalada jeusi, na baadhi yetu tunaosoma hapa tumo ndani yake. Nami nimo.

Sitamtaja kwa jina kwa sababu familia yake imeomba hivyo. Isitoshe, mtaani hakuna aliyemwita kwa jina. Tulimwita Daktari. Kila siku alitukosoa, "Mimi si daktari, mimi ni mfamasia. Daktari anaandika, mimi nasoma alichoandika nione kama hajakosea." Tulicheka, tukaendelea kumwita Daktari. Alisomea Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako famasia ilianza kufundishwa mwaka 1974, akafanya kazi ya serikali miaka michache, kisha katika miaka ya tisini akafungua duka la dawa hapa Jericho, si mbali na uwanja wa Camp Toyoyo. Alifariki mwezi wa Machi 2025 kwa ugonjwa wa kiharusi, akiwa na umri wa miaka 63.

Kwenye matanga, kila aliyeshika maikrofoni alisema mambo mawili: mcha Mungu, mpenda familia. Maneno haya nimeyasikia katika mazishi mengi ya huku kwetu. Yamewahi kusemwa hata juu ya watu ambao familia zao zilipoyasikia zilitazamana. Kwa Daktari yalikuwa kweli tupu. Ila maoni yangu ni kwamba tuliyasema haraka mno, tukala wali, tukatawanyika, na hatukujiuliza ukweli huo ulimgharimu nani.

Acheni nianze na dini. Daktari alikuwa Msabato wa kuzaliwa. Kwao ni upande wa Gendia, kule Nyanza ya Kusini, ambako Waadventista walianza kazi yao ya kwanza nchini mwaka 1906. Basi Ijumaa jua likitua, mlango wa chuma wa duka ulishushwa, na haukuinuliwa mpaka Jumamosi jua litue tena. Watu walinung'unika, msione ajabu. Jumamosi ndiyo siku watu wa Eastlands wako nyumbani, na ndiyo siku ambayo watoto huanguka na kuvunjika wakicheza mpira. "Kwani ugonjwa nao unajua Sabato?" mama yangu alikuwa akiuliza kwa hasira, akipanda matatu kwenda kutafuta dawa mbali.

Nilipokuwa Kidato cha Kwanza nilipata ujasiri, au tuseme ujinga, nikamwuliza Daktari mwenyewe kwa nini asimwajiri mtu wa Jumamosi. Alinijibu bila kukasirika kwamba sheria hairuhusu dawa kutolewa na mtu ambaye hakusajiliwa, na kumlipa mfamasia wa pili hangeweza. Akanionyesha leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu iliyokuwa ukutani. "Nikimweka hapa mtu ambaye hakusoma, nyathina, nitakuwa nimeiheshimu siku ya Mungu kwa kuwatia hatarini watoto wa Mungu." Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo. Jibu zuri, lakini mimi hata leo sikubaliani naye kabisa. Mtaa mzima kukaa siku nzima bila mfamasia wa kuaminika ni jambo zito, na yeye alilijua.

Najua alilijua kwa sababu ya Jumamosi moja ya mwaka 2021. Dada yangu mdogo ana pumu. Siku hiyo alibanwa kifua tangu asubuhi, na inhela yake ilikuwa imekwisha. Mama alimfunga mgongoni, akatembea hadi kanisani kwa kina Daktari, akasimama mlangoni na leso yake na malapa ya bafuni, akiona haya kuingia. Mimi nilikuwa nyuma yake. Daktari alikuwa mbele akifundisha somo. Alituona, akafunga Biblia, akamkabidhi mzee mwenzake, akatoka. Hakuuliza swali mpaka tulipofika dukani.

Alitoa inhela mpya, akachukua chupa tupu ya maji ya plastiki, akaitoboa tundu kwenye kitako, akaingiza inhela humo, akamwambia dada yangu apumulie mdomo wa chupa. "Watoto hawajui kuvuta kwa wakati," alisema. "Chupa inaishika dawa mpaka avute." Baada ya muda dada akaanza kulia kwa sauti, na Daktari akatabasamu kwa kuwa mtoto anayeweza kulia vile anapata hewa. Hata hivyo hakuturuhusu kurudi nyumbani. Alitutafutia gari la kutupeleka hospitalini, kwa kuwa kifua kikishabana hivyo, alisema, kinaweza kurudia usiku.

Jumatatu mama alikwenda kulipa. Daktari alikataa. "Jumamosi mimi siuzi dawa, mama. Ukinilipa utakuwa umenifanya niuze." Mama alirudi na pesa zake mkononi, akakaa kitini, na tangu siku hiyo hakunung'unika tena juu ya Sabato. Nadhani hakuwa peke yake. Siku ya matanga niliwasikia wanawake wawili wengine wakinong'onezana habari zao za Jumamosi.

Dini yake haikuwa ya kupiga kelele. Hakuwahi kumhubiria mteja. Jambo moja tu alipenda kutusimulia, kwamba makanisa ya Kenya, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, yaliunda shirika la MEDS mwaka 1986 ili hospitali za misheni zipate dawa safi kwa bei nafuu. "Kwa dawa walikubaliana," alisema akicheka, "kwa mengine bado."

Sasa nije kwenye daftari, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Siku moja nikiwa Darasa la Nane, nilipata kidonda kibaya mguuni kikafura. Kliniki niliandikiwa amoksilini, vidonge 21, nikaambiwa dawa zimeisha nikanunue nje. Hilo si geni kwa yeyote anayesoma hapa. Wazazi wetu wanakumbuka jinsi serikali ilivyoanza kuwatoza wagonjwa ada katika hospitali za umma mwishoni mwa mwaka 1989, na hata siku hizi, pale kumwona daktari ni bure, karatasi ya kununua dawa nje unaipata bure vilevile. Mama alikuwa na shilingi 50. Akanituma: "Mwambie Daktari akupe tano kwanza. Ukipona, basi. Usipopona tutaona."

Nikaenda. Dawa ilikuwa shilingi 10 kila kidonge. Daktari alisoma karatasi, akanitazama juu ya miwani.

"Tano haziponyi mtu."

"Mama amesema tano, Daktari."

"Tano zitaua viini vilivyo dhaifu na kuvifundisha vyenye nguvu jinsi ya kupigana. Halafu mwezi ujao utakuja na kidonda kile kile na dawa hii itakuwa kama unga wa ugali. Keti."

Nikakaa kwenye benchi lake. Akanieleza habari ya malaria, na sijaisahau. Alipoanza kazi watu walitibiwa kwa klorokwini. Watu wakanunua vidonge viwili leo, kimoja kesho, homa ikipungua wanaacha, na viini vikaizoea dawa. Mwaka 1998 Kenya ikaiacha klorokwini kwa malaria ya kawaida, ikahamia dawa ya aina ya Fansidar. Nayo haikudumu. Kufikia mwaka 2006 hospitali zilikuwa zimeanza kutoa dawa ya mseto, ile ya artemeta pamoja na lumefantrini. "Dawa mbili zimekufa mikononi mwangu kama mfamasia," alisema. "Sitaki kuiua hii ya tatu, wala hiyo yako."

Akahesabu vidonge 21. Akapokea ile hamsini. Akafungua daftari jeusi, akaandika jina la mama, dawa, na baki: shilingi 160.

Je, wenzangu, mmeona? Mtaani watu husema Daktari alikuwa akikopesha kwa sababu ya huruma. Huruma alikuwa nayo, lakini ukweli ni kwamba alikopesha kwa sababu alikataa kuuza nusu dozi. Ile nusu tuliyoweza kulipia tuliilipia, na ile nusu nyingine ilikwenda katika daftari. Daftari lile lote, ukurasa kwa ukurasa, ni nusu za pili za dozi za watu wa Jericho, Maringo na Ofafa.

Mambo aliyoyakataa yalikuwa mengi. Januari watu wakirudi kutoka ushago wakitetemeka, alikataa kuwauzia dawa ya malaria kabla damu haijapimwa, akawatuma kliniki kwanza. Mama akija kutafuta vidonge vya kufunga tumbo la mtoto anayehara, alimkatalia, akamwandikia kwenye kipande cha karatasi: maji safi lita moja, sukari vijiko vidogo sita, chumvi nusu kijiko kidogo. Akaongeza vidonge vya zinki, vya siku kumi hadi kumi na nne, na mara nyingine navyo vikaingia daftarini. Na kuna mwenzetu mmoja (anajijua, na sasa ameacha) aliyekwenda kununua ile dawa ya kikohozi yenye kodeini ambayo vijana huinywa ili walewe. Daktari alimwambia, "Kohoa nisikie." Alikohoa. "Kohoa tena." Alikohoa tena. "Hiyo ni ya koo kavu. Nenda ukanywe maji." Duka lingine hapo mbele walimwuzia chupa mbili bila kumwangalia usoni.

Nilipokuwa nikiandika makala haya, mwalimu wetu wa dini alinisimulia habari za Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma huko Kongo, ambaye kazi yake ilikuwa kukagua ubora wa bidhaa zinazovuka mpaka. Alikataa hongo, akakataa kupitisha mchele ulioharibika, na Julai 2007 akatekwa na kuuawa akiwa na miaka 26 tu. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri mjini Roma. Sisemi Daktari wetu ni sawa naye. Hakuna aliyemteka. Yeye alikataa kwa miaka ishirini na kitu, kidogo kidogo, kwa sauti ya chini, na waliokuwa wakikasirika ni wateja wake mwenyewe, mama yangu akiwa mmoja wao.

Na familia? Hapa ndipo panaponisumbua.

Daktari alifunga duka saa moja na nusu jioni kila siku, wakati ambapo maduka mengine ndiyo kwanza yanaanza kuona faida, kwa sababu alitaka kula chakula cha jioni na mkewe na watoto wake watatu. Watoto wale walifanyia kazi ya shule nyuma ya kaunta. Stima zikipotea, nasi wa jirani tulijazana huko, maana alikuwa na taa ya betri, na ndiye aliyenifundisha kusawazisha milinganyo ya kemia kabla mwalimu hajafika kwenye mada hiyo. Mkewe, ambaye sote tunamwita Mama Daktari, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nyumba yao ilikuwa na amani ambayo kwa kweli niliionea wivu.

Lakini siku ya matanga nilikuwa nikisaidia kuosha vyombo pamoja na binti yake mkubwa. Nikamwambia, kama watu wanavyosema, pole, baba yenu alitupenda sana. Alisugua sufuria kwa muda. Kisha akasema, "Aliwapenda nyinyi kwa pesa zetu."

Hakusema kwa ubaya. Baadaye alinieleza kwamba yeye alikaa nyumbani mwaka mzima baada ya Kidato cha Nne akingoja karo ya chuo, na mwaka huo huo alikuwa ndiye anayemsaidia baba yake kujumlisha daftari. Alijua ni nani anadaiwa nini. Alikutana nao barabarani wakiwa na simu mpya, na alikatazwa kusema neno. "Ukisema mtu anadaiwa na duka la dawa," baba yake alimwambia, "umesema ni mgonjwa."

Basi mpenda familia ndiye huyo. Je, alikuwa na haki ya kuzichukua pesa za watoto wake akawanunulia wengine nusu dozi? Nimelifikiria swali hili kwa wiki nyingi, na sina jibu moja. Siku nyingine naona alikosea. Siku nyingine nautazama mguu wangu. Ninalojua kwa hakika ni kwamba kama alikosea, basi sisi ndio tuliofaidika na kosa lake, na sisi ndio tunaoweza kulirekebisha.

Maana mambo hayakuishia kaburini. Wauzaji wa jumla walikuja kudai dawa alizochukua. Mwenye jengo alitaka kodi. Mwezi wa Mei wazee watatu wa mtaa, watu wazuri kabisa, walimwendea Mama Daktari wakamwambia alitoe daftari, wasome majina, wazunguke nyumba kwa nyumba wamsaidie kukusanya. Alikataa. Alisema kila mstari una jina, dawa, na pesa, na ukiijua dawa ya mtu umeujua ugonjwa wake. Kuna watu humo, alisema, ambao hata wake zao au waume zao hawajui. Akalifungia daftari katika sanduku la chuma. Akauza makabati na friji ya duka, akalipa wauzaji. Pale dukani siku hizi wanauza vifuniko vya simu.

Habari ilipoenea kwamba daftari halitasomwa, msidhani watu walilia. Wengi walishusha pumzi. "Tumeokoka!" jirani yetu mmoja alisema waziwazi pale kwenye mfereji. Watu wale wale waliokuwa wametoa mchango wa mazishi, majina yao yakasomwa na kiasi walichotoa, wakapigiwa makofi! Nami nilimpigia makofi mtu niliyemwona kwa macho yangu akiandikwa katika lile daftari, mara nne.

Nionavyo mimi, Mama Daktari alilifunga daftari ili kuwasitiri wagonjwa. Hakulifunga ili kuwasamehe wadeni. Haya ni mambo mawili, na mtaa wetu umeyachanganya makusudi. Yeye hawezi kuja kwako. Ni wewe unayejua kama umo, na unajua kiasi, au unakisia. Huhitaji kusema ulinunua dawa gani. Weka pesa ndani ya bahasha bila jina, mpe mtoto apeleke. Na walimu wangu wapendwa, mnisamehe sana, najua benchi la Daktari lilikalisha suruali nyingi za kitambaa kizuri, si sare za shule peke yake.

Kwetu, mama alikaa mezani usiku mmoja na kalamu yangu, akajaribu kukumbuka yote tangu mwaka 2019. Mguu wangu, 160. Kikohozi chake. Dawa ya presha ya nyanya, miezi miwili. Zinki. Ilifika shilingi 1,340. Ile inhela ya Jumamosi aliiandika, kisha akaifuta, kisha akaiandika tena pembeni, akasema hiyo ataamua baadaye. Tangu hapo kila Ijumaa, kabla jua halijatua, ananituma na shilingi 100. Jirani yule wa mfereji aliniona nikipeleka akaniuliza, "Siku hizi mnalipa maiti?" Nilikosa la kumjibu, nikapita.

Nimekwenda mara nane. Mama Daktari hupokea kwa mikono miwili, haandiki popote, wala hasemi kama hesabu yetu ni sahihi, ingawa bila shaka angeweza kufungua sanduku akaangalia. Ijumaa iliyopita aliniuliza dada yangu anaendeleaje na kifua msimu huu wa baridi, akaniagiza nimwambie mama asingoje inhela iishe kabisa ndipo anunue nyingine. Zimebaki 540.